Baridi isiyoitiwa kikao

Ukitaja baridi ya Mkoa wa Mbeya, watu hufikiria Uyole, Umalila na vijiji vya Rungwe vinavyopanda kuelekea Kitulo, ambako asubuhi za Julai nyasi hukutwa zimefunikwa na sakitu na majani ya viazi yamebabuka kana kwamba yamepitiwa na moto. Makongolosi haitajwi. Mji huu wa dhahabu uko ng'ambo ya safu ya milima ya Mbeya, kilomita 39 kutoka Chunya mjini, kwenye nchi ya miombo inayoteremka taratibu kuelekea Ziwa Rukwa. Mchana jua linachoma. Baridi ikaonekana kuwa ni ya wenzetu wa juu, na habari ya kujiandaa na maafa ikabaki kuwa mafuriko na upepo unaoezua mapaa.

Mimi naona tunakosea. Kipupwe cha Juni hadi Agosti kinafika Makongolosi, ila kinafika na sura yake. Miezi hiyo migandamizo mikubwa ya hewa huimarika, mmoja upande wa visiwa vya Mascarene katika Bahari ya Hindi na mwingine upande wa kisiwa cha St. Helena katika Atlantiki, na pepo za kusi husukuma kwetu hewa baridi na kavu kutoka kusini. Mbingu ikiwa haina wingu, ardhi iliyopata joto mchana huipoteza upesi usiku. Mwenye nyumba ya matofali na blanketi mbili hujikunja akalala. Lakini Makongolosi si mji wa nyumba za matofali peke yake. Ni mji wa wachimbaji, na wachimbaji wengi wanalala kambini, chini ya maturubai, hatua chache kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na makarasha ya kusaga mawe.

Hapo ndipo baridi inapoua, na inaua kimyakimya. Usiku ukibana, vijana huziba kila upenyo wa turubai, wakaingiza jiko la mkaa ndani na kujilaza. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, anadhani ni uchovu wa kazi, na hapo hapo anaishiwa nguvu za kuamka. Kinga yake haina gharama: jiko litolewe nje kabla ya kulala, na pembe moja ya turubai iachwe wazi. Ujumbe huo unahitaji mtu wa kuupeleka kambini mwezi Mei, na mtu huyo anahitaji pikipiki, mafuta na maagizo kutoka juu.

Turubai lililozibwa lina jambo lingine. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, na mchimbaji anayelivuta kwa miaka hupata silikosisi, ugonjwa unaoacha makovu kwenye mapafu na kuyafanya yashindwe kupambana na kifua kikuu. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wanahesabiwa miongoni mwa makundi yaliyo hatarini zaidi kwa kifua kikuu nchini. Sasa fikiria watu sita ndani ya turubai moja lisilopitisha hewa, mmoja wao anakohoa, na wote wanasema ni kikohozi cha baridi kitapita na msimu. Kwa maoni yangu, wiki ya kwanza ya Juni ingekuwa wiki ya kuzunguka kambi kuchukua makohozi ya kupima, badala ya kusubiri mgonjwa afike zahanati akiwa amebaki mifupa.

Tuje kwenye moto. Watu wa nchi za theluji wanapojiandaa na baridi wanawaza barafu barabarani. Sisi kipupwe chetu ni kikavu, na Chunya ni wilaya ya miombo, tumbaku na ng'ombe. Nyasi zimekauka, upepo unavuma, watu wanaota moto alfajiri, wengine wanachoma mashamba kuyasafisha. Cheche moja ikirushwa kwenye paa la nyasi au kwenye kambi yenye madumu ya dizeli, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji utalipigia 114, lakini dakika za kwanza zitakuwa za majirani. Pipa la mchanga, maji yaliyotekwa jioni na mstari wa kuzuia moto kuzunguka kambi ni mambo ya uongozi wa kitongoji kabla hayajawa mambo ya gari jekundu.

Na mtoto akibanwa na nimonia usiku? Hospitali ya wilaya iko Chunya. Ikishindikana hapo, rufaa ni Mbeya, na barabara ya Mbeya inapanda milima ya Kawetire, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kabla ya kushuka mjini. Lami imefika hadi Makongolosi na imerahisisha mengi mno, lakini lami haiondoi ukungu. Dereva wa gari la wagonjwa anayeingia kwenye kona zile saa tisa usiku anahitaji taa za ukungu zinazofanya kazi, mtungi wa oksijeni uliojaa na blanketi ya mtoto. Vitu vitatu hivyo mtu anaweza kuvikagua mchana mmoja wa Mei.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, na tahadhari zake zina daraja zinazoeleweka: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kamati hizi zinajua kazi pale balaa linapoonekana. Machi 2015 mvua ya mawe iliua zaidi ya watu 40 Mwakata, wilayani Kahama, na nchi nzima ikasikia. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlimani na kufunika nyumba kata ya Itezi, jijini Mbeya, na viongozi walikuwa pale. Baridi haina tukio la namna hiyo. Inachukua mmoja kambini, mtoto mmoja kitongojini, mzee mmoja mwezi unaofuata, na kila msiba unaandikwa peke yake. Hakuna anayeitisha kikao.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo naliona zito kuliko yote. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, katikati ya kipupwe. Juni, baridi inapoingia, fedha ya mwaka unaokwisha imeshatumika. Julai fedha mpya ndiyo kwanza inaanza kukusanywa. Mwelekeo wa msimu unapotangazwa, bajeti imeshafungwa zamani. Halmashauri ikisubiri tangazo ndipo ianze kutafuta blanketi za mabweni ya wanafunzi, itazipata Septemba, joto limerudi. Uingereza walipotoa mpango wao wa kukabili baridi mwaka 2011 walifunga kila daraja la tahadhari na kazi iliyokwisha kupangwa: daraja likibadilika, muuguzi na afisa ustawi wa jamii kila mmoja alijua afanye nini. Kwetu tangazo linasomwa redioni, tunaambiwa tuvae nguo nzito, na taarifa inaendelea na michezo.

Chunya si wilaya ya kusema haina pa kushika. Ina dhahabu na tumbaku. Ina ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo na ina ushuru wa mazao. Mji ulioajiri jasho la vijana hao wa maturubai unaweza kuwatengea sehemu ndogo ya kile wanachokitoa ardhini, na viongozi wa vitongoji vya Makongolosi, wanaojua kambi ipi iko wapi na bibi yupi anaishi peke yake, wakawa ndio wenye orodha.

Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani Februari au Machi. Wakati huo Makongolosi kunanyesha, mahindi yako shambani, na aliye kwenye kikao anafuta jasho. Kifungu cha kipupwe kinatakiwa kiandikwe hapo: mafuta ya pikipiki za wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa mwezi Mei, vifaa vya kupimia kifua kikuu kambini, oksijeni ya gari la wagonjwa, blanketi za mabweni, na jina la mtu atakayeulizwa Juni mosi kama vimefika.