Somo la Redio: Bwana Ogimura na Mpira wa Meza

Leo tutasoma habari za mtu mmoja wa Japani. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika jina lake ubaoni: O-gi-mu-ra. Someni nyote pamoja. Vyema. Jina lake la kwanza ni Ichiro.

Bwana huyu alikuwa bingwa wa mpira wa meza. Meza ya mchezo huu ina urefu wa futi 9 na upana wa futi 5, na katikati pana wavu mfupi. Watu wawili husimama huku na huku, kila mmoja na kibao chake mkononi, wakirudishiana mpira mdogo ulio mtupu ndani. Ninyi mnaokaa katika majumba marefu ya Michenzani, pimeni sebule zenu. Meza labda itaingia, lakini wachezaji watasimama wapi?

Ogimura alizaliwa mwaka 1932. Alipokuwa na miaka miwili baba yake alifariki, akalelewa na mama yake, ambaye alifanya kazi ili kumlisha na kumsomesha. Vita vilipokwisha mwaka 1945 sehemu kubwa ya Tokyo ilikuwa imeteketea kwa moto. Katika siku hizo za dhiki, kijana huyu aliingia skuli ya juu, na huko ndiko alikoanza mchezo. Baadaye akawa anakwenda kufanya mazoezi katika ukumbi mdogo wa mtaani, mali ya Bibi Hisae Uehara. Mbali na kucheza, alikimbia na kuruka kichurachura ili miguu ipate nguvu. Watu hudhani mchezo huu ni wa mkono tu. Sivyo! Mkono hauwezi kufika mahali ambapo miguu haikuupeleka.

Mwaka 1954 alichaguliwa kwenda London kwenye mashindano ya dunia. Lakini safari ilitaka fedha nyingi, naye hakuwa nazo. Basi rafiki zake wakasimama kwenye stesheni za reli, wakawaomba wapita njia watoe kidogo kidogo. Sisi tunaujua mchango: mchango wa harusi, mchango wa msiba. Huu ulikuwa mchango wa kumpeleka kijana kucheza mpira, tena katika nchi ambayo watu wake walikuwa bado hawajasahau kwamba Japani ilikuwa adui yao vitani.

Akafika, akacheza, akamshinda Tage Flisberg wa Uswidi katika mchezo wa mwisho. Akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1956, mashindano yalipofanyika Tokyo, alishinda tena. Ukihesabu na ushindi wake wa timu na wa wawili wawili, alipata ubingwa wa dunia mara 12.

Wachezaji wengi habari zao huishia hapo. Za Ogimura, kwa maoni yangu, hapa ndipo zinaponoga. Mwaka 1987 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha dunia cha mpira wa meza. Wakati huo Korea ilikuwa imegawanyika, kaskazini na kusini, tangu mwaka 1945, na ndugu wa pande mbili hawakuweza kutembeleana. Ogimura alitaka wacheze katika timu moja. Alikwenda kusini mara 20 na kaskazini mara 15 kuwasihi wakubwa. Hebu fikirini: safari 35 kwa ajili ya timu moja!

Mwaka 1991 mashindano ya dunia yalifanyika Chiba, Japani. Wakorea wakaingia pamoja, chini ya bendera nyeupe yenye ramani ya nchi yao nzima kwa rangi ya buluu. Timu ya wanawake ikafika mchezo wa mwisho, ikaikabili China, ambayo ilikuwa bingwa kwa miaka mingi. Wakorea wakashinda. Kisha mashindano yakaisha, wachezaji wakaagana. Hawa wakarudi kaskazini, wale kusini.

Ogimura alifariki tarehe 4 Desemba 1994, akiwa bado rais wa chama kile. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: meza, wavu, kibao, mchango, bendera. Kisha mmoja wenu asimame awaeleze wenzake kwa nini watu wa stesheni walitoa fedha zao.