Uduvi wa kuangalia tu? Ndiyo, na wamenitoa chozi!

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke pembeni kidogo, maana nina kisa changu, na walioniliza ni uduvi.

Usicheke. Siyo uduvi wa kukaangwa na nyanya, la hasha! Hawa ni wa mapambo, wekundu kama pilipili, urefu hawazidi sentimita 4. Wanaishi ndani ya tangi la kioo na kazi yao ni kuokota ukoga kutwa nzima. Wataalamu wanawaita Neocaridina davidi. Kwao ni Uchina na Taiwan, na huko mitoni wana rangi ya tope tu. Huu wekundu ni kazi ya wafugaji, waliochagua walioiva zaidi na kuwazalisha wao kwa wao.

Mshikaji wangu mmoja wa Kinondoni, anayefuga samaki wa mapambo, ndiye aliyenigawia 10. Nikarudi nao Sinza ninakoishi kwa dada, nikajaza maji ya bomba kwenye tangi la lita 30, nikawatumbukiza. Asubuhi 9 chali! Jioni wa mwisho naye akafuata. Shemeji akasema, "Bora ungewakaanga."

Mshikaji alinicheka mpaka basi. Kumbe maji ya bomba yana klorini, na tangi jipya halina bakteria wa kumaliza sumu inayotokana na vinyesi na mabaki ya chakula. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, hasa kwenye sponji ya pampu ya hewa. Kwa hiyo unaweka maji na majani, unawasha pampu, halafu unasubiri. Tangu nimalize kidato cha nne kazi yangu kubwa ni kusubiri, nikaona haya, na hili tuongeze.

Wiki ya 6 akanigawia wengine 12, na safari hii wakatulia. Hapo ndipo nilipojifunza. Ukiona ganda tupu limelala chini usilie, hajafa mtu. Ni kujivua gamba tu, kule tulikokusikia kwenye siasa mwaka 2011. Usilitoe, wanalila wapate madini ya kujengea jipya. Chakula kiwe kidogo: kipande cha mchicha uliochemshwa, ukubwa wa ukucha, na kinachobaki unakitoa kesho yake.

Siku moja nikamwona jike kabeba mayai chini ya mkia, yapata 20, anayapepea kwa vimiguu vyake. Yanaanguliwa baada ya wiki 3 au 4, na watoto wanatoka na sura ya wakubwa kabisa, ila wadogo kama ufuta. Nilishapiga mahesabu: nitauza, nimchangie dada hata hela ya umeme.

Ndipo kikanuka. Mwanawe dada, wa miaka 6, alikuwa ndiyo kwanza anapona malaria. Dada, kama mama yeyote, akanunua dawa ya mbu ya kopo, akapuliza nyumba nzima, akafunga madirisha. Mimi sikuwepo. Niliporudi usiku, wote walikuwa wamelala ubavu. Dawa nyingi za kupuliza zina kiuadudu ambacho kwa jamii ya kamba ni sumu kali, kidogo tu kikigusa maji, kwisha habari.

Nimkasirikie nani? Yule mtoto alitetemeka kwa homa siku 4 tunamwona. Dada akasema, "Nisamehe mdogo wangu, sikujua." Nikamwambia hamna neno dada. Halafu nikaenda kujifungia chooni. Acha tu!

Asubuhi mtoto akanivuta shati. "Anko, usinipige." Kumbe kabla ya dawa alimchota yule mwenye mayai, akamtia kwenye chupa ya jamu akawaonyeshe wenzake, kisha akaificha nje nyuma ya pipa la maji. Nikatoka mbio. Mzima!

Nikamhamishia kwenye ndoo yenye majani na maji yaliyolala siku nzima bila kifuniko. Tangi nikaliosha, nikaanza upya kusubiri. Wiki ya 3 nikahesabu watoto 17. Leo wamezaana hadi sina hesabu tena, na shemeji, yule wa kukaanga, jioni hakai kwenye kiti chake mpaka kwanza achungulie tangi.

Kama nawe umevutiwa, kumbuka: nyumbani tumia chandarua, na dawa ikibidi, zima pampu na ufunike tangi kabisa. Dawa ya samaki yenye shaba ni sumu kwao. Joto la Dar likipanda, elekeza feni juu ya maji. Usiwachanganye na samaki, watoto wataliwa. Na ukiwachoka usiwamwage mtoni. Ziwa Victoria tunao uduvi wetu wa asili, Caridina nilotica, chakula cha sangara wadogo. Wageni wabaki kwenye kioo.

Haya, tukutane wiki ijayo. Aliyeficha chupa nimemnunulia aiskrimu, lakini msimwambie kwamba sikumkasirikia hata kidogo, asije akazoea!