Kuweka Kamera za Ulinzi za Mchana na Usiku: Jibu kwa Ndugu Zetu wa Ijumbi, Muleba



Sifa zote njema anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali limetufikia kutoka Ijumbi, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Kwa ufupi, ndugu zetu wanasema kuwa betri ya sola ya msikiti wao imeibiwa, na kabla yake kisanduku cha sadaka kilivunjwa. Kamati imechanga fedha ya kamera nne, na fundi amependekeza moja ipachikwe juu ya mnara ili ione mpaka njia kuu. Baadhi ya waumini wanasema hiyo ni tajassus, kupeleleza watu, na haijuzu. Wengine wanasema picha msikitini hazifai kabisa. Wanauliza hukmu, na wanauliza pia vipi zipachikwe ili usiku zifae kama mchana. Mwishoni wameongeza jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: duka la jirani lina kamera, na kuna kipande cha usiku ule kinachoonesha mtu mwenye koti jeupe akipita na mzigo, na tayari jina la kijana mmoja linatajwa vijiweni kwa sababu ana koti kama hilo.

Tunaanza na hilo la mwisho, maana halingoji.

Kamera nyingi za bei ya kawaida huona usiku kwa taa ndogo zilizozunguka lenzi yake. Taa hizo hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu halioni. Mchana ndani ya kamera huwa kuna kichujio kinachozuia mwanga huo ili rangi zitoke sawa. Giza likiingia kichujio hujiondoa (ule mlio mdogo mnaousikia jioni ndio huo), taa huwaka, na picha hugeuka nyeusi na nyeupe. Basi kinachoonekana hapo si rangi ya nguo. Ni kiasi gani nguo ile imerudisha mwanga wa infraredi, na vitambaa havirudishi mwanga huo kwa kufuata rangi yake ya mchana. Koti jeusi la nailoni au polista linaweza kutoka jeupe kabisa kwenye picha ya usiku. Msituamini sisi, jaribuni wenyewe: chukueni nguo tatu nne nyeusi za vitambaa tofauti, mtu asimame nazo mbele ya kamera ya duka baada ya Ishaa, kisha mtazame picha.

Na uso je? Chukueni kamera ya kawaida ya megapikseli 2, yenye upana wa pikseli 1,920, na lenzi ya milimita 2.8 ambayo mafundi wengi hupachika. Kwa umbali wa mita 20 picha yake inabeba upana wa zaidi ya mita 50. Gawanyeni wenyewe: kila mita moja inapata pikseli chini ya 40, na uso wa mtu hauna hata robo ya mita kwa upana, kwa hivyo unaishia pikseli tano au sita. Hapo utajua kuwa ni mtu na si mbuzi, na pengine utajua kuwa amebeba kitu. Jina lake hulijui. Anayesema "ni fulani, nimemtambua" amemtambua kwa dhana aliyokuwa nayo kabla ya kutazama.

Suratul-Hujuraat ina amri mbili zinazoingia hapa moja kwa moja: aya ya 6 inatutaka tuhakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukabaki tunajuta, na aya ya 12 inatukataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Tunajua sote nini hutokea katika nchi yetu neno "mwizi" likipigwa kelele barabarani. Watu wamechomwa moto kwa ushahidi dhaifu kuliko huo wa koti. Kwa hivyo mwenye duka akiweke kipande kile kama kilivyo, bila kukikata wala kukirusha kwenye makundi ya simu, akinakili kutoka kwenye mashine yenyewe na kukikabidhi polisi, na uongozi wa kijiji ujue. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini mahakama hutazama ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa, na kipande kilichopita mikono hamsini ya simu kimeshapoteza nguvu. Na aliyetaja jina la kijana yule bila ya yakini amwendee, amtake radhi, kisha aseme mbele ya wale wale aliowaambia kwamba hakuwa na uhakika.

Sasa turudi kwenye hukmu. Kulinda mali ya msikiti ni wajibu wa kamati, kwani ile ni waqfu na wao ni waangalizi. Mtu aliyemuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kama amfunge ngamia wake au amtegemee Allaah alielekezwa afanye yote mawili. Kamera ni kamba mojawapo. Kuhusu picha, khilafu ya wanazuoni ipo na tunaiheshimu, lakini hata wengi waliokaza katika picha wameruhusu zinazohitajika, kama za vitambulisho na usalama. Hatuoni kuwa suala hilo liwagawe watu wa msikiti mmoja.

Tajassus ndiyo yenye maneno. Imepokewa katika Bukhaariy na Muslim kwamba mtu alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), naye akiwa na kichanio mkononi, akamwambia kuwa lau angelijua anachungulia angelimchoma nacho jichoni, na akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Tazameni: tatizo halikuwa mguu kuingia ndani, lilikuwa jicho. Na kamera ni jicho lisilolala, linalokumbuka. Kwa upande wa pili, Imaam Al-Maawardiy, katika yale aliyoandika kuhusu kazi ya muhtasib, alimzuia kuchunguza yasiyodhihiri, ila pale penye dalili ya jambo lisiloweza kurudishwa likishapita, mfano wa mtu anayekwenda kuuliwa. Kwa hivyo mlango wa msikiti, kisima, na stoo ya betri na mashine ya maji ni vyenu kuvitazama. Ua wa jirani si wenu.

Ndipo tunapoukataa mnara. Jambo hili wala si jipya. Wanazuoni, khasa wa Kimaliki, walizungumzia muadhini anayepanda mnara akawa anaona ndani ya nyumba za watu, wakataka azuiwe kupanda, ingawa kazi yake ni adhana! Muadhini alikuwa akipanda mara tano kwa dakika chache. Kamera itakuwa huko juu saa 24, nanyi mnajua nyumba za Muleba zilivyo: nyumba imo katikati ya migomba na mibuni yake, na uani nyuma ndipo watu wanapofulia, wanapopikia na wanapoogeshea watoto. Mwanamke aliyejiona yumo ndani ya sitara ya migomba yake hakumpa ruhusa mtu yeyote amtazame kutoka mnarani. Ipo na sababu ya kifundi: kwa masafa yale picha haitamtambua mtu, kama tulivyohesabu, na waya unaoshuka kutoka mnarani unaialika radi iingie kwenye vyombo vyenu vyote. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, hilo hamhitaji kuambiwa na mtu wa Unguja.

Basi zipachikwe chini. Urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu unatosha, chini ya upenu ili mvua isiipige lenzi, na kila kamera ipewe kazi moja. Inayotakiwa kutambua uso wa anayeingia iwe mita tatu hivi kutoka mlangoni kwa lenzi ya 2.8. Mkitaka iwe mbali kidogo, chukueni lenzi ya milimita 6, ambayo hubana picha na kukaribisha kitu. Msiielekeze mashariki wala magharibi kama mnaweza kuepuka, kwani jua likiwa chini huipofusha. Kusini au kaskazini ni salama zaidi. Mpaka wa uwanja wenu ukiingia kwa jirani, mashine nyingi za kurekodia zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi. Mwiteni jirani aone kwa macho yake kwamba ua wake umezibwa.

Usiku ndipo watu wanapopoteza fedha zao. Kwenye madrasa yetu Unguja fundi alipachika kamera alasiri, tukatazama, tukafurahi, tukamlipa. Usiku tukaona ukungu mweupe tu. Kamera ilikuwa imebanwa karibu na ukuta wa chokaa, taa zake zinapiga ukuta na mwanga unarudi kwenye lenzi. Tulipoisogeza, baada ya wiki mbili ukungu ukarudi. Safari hii ni utando wa buibui, ambaye alihamia pale kufuata wadudu waliovutwa na taa. Tangu hapo hatumlipi fundi mpaka tuone picha ya saa nne za usiku, na ufagio una zamu yake kila Ijumaa asubuhi. Kwenu huko ongezeni migomba: jani lililo karibu na lenzi hung'aa kama karatasi nyeupe, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima na nyuma yake kote kukawa giza. Na mkiiweka irekodi penye mwendo tu, upepo ukivuma usiku kucha mtapata rekodi ya majani. Kateni majani yaliyo mbele, au muwekeeni mipaka mahali pa kutambua mwendo.

Dawa bora kuliko zote ni rahisi: taa ya kawaida ya wati chache mlangoni, iliyo kando kidogo na kamera. Penye mwanga wa kutosha kamera hubaki na rangi, koti jeusi likabaki jeusi, na mwizi mwenyewe hapendi mwanga. Kwetu sisi taa hiyo ni sehemu ya haki ya mtu atakayetuhumiwa. Usiku wa huko kwenu ni wa karibu saa 12 mwaka mzima, Magharibi yenu huja kama nusu saa baada ya yetu Unguja, kwa hivyo hakuna msimu ambao kamera itapumzika na giza.

Umeme ukikatika je? Kamera nne za wati 5 na mashine ya kurekodia ya wati 15 ni wati 35. Kwa saa 12 ni wati-saa 420. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya risasi haifai kuteremshwa chini ya nusu, yaani 600. Inatosha usiku mmoja na akiba kidogo. Lakini betri na mashine zikae ndani ya chumba chenye mlango wa chuma. Aliyechukua betri ya kwanza akiikuta mashine wazi ataondoka na ushahidi pamoja na betri ya pili.

Ndani ya msikiti tunasema hivi. Sehemu ya wanawake isiwe na kamera, mahali pa kutawadhia pasiwe na kamera, na hili halina mjadala. Mlango wa nje unatosha. Kisanduku cha sadaka kina shida yake: kamera ikikitazama itaonesha nani katia na nani kapita, na Allaah katika Suratul-Baqarah aya ya 271 amesifu sadaka iliyofichwa. Kiondoeni kisanduku kila baada ya Ishaa, kihesabiwe na watu wawili, na hamtahitaji kamera hapo.

Lililobaki ni la nani anatazama. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa hizo. Kamati iwasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi juu ya usajili, na ibandike mlangoni tangazo kwamba pana kamera. Neno la siri lililokuja na mashine libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 wahalifu waliteka kamera na mashine za kurekodia kwa wingi duniani kwa sababu tu wenyewe waliacha maneno ya siri ya kiwandani. Msiruhusu picha zifunguke kwenye simu ya kila mjumbe. Wawili waaminifu, mmoja asifungue bila ya mwenziwe, na kila wakifungua waandike daftarini siku na sababu. Wanawake wa msikiti wawe na kauli katika kuwachagua wawili hao. Rekodi zijifute zenyewe: kamera moja kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula kama gigabaiti 21.6 kwa siku, nne ni 86, na diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku 11 hivi na kuanza kufuta za mwanzo. Wizi hujulikana ndani ya siku mbili tatu, kwa hivyo siku 11 zinatosha.

Kamera tatu zinawatosha: mlango mkuu, stoo, na kisima. Fedha ya ile ya nne inunueni taa na kufuli. Na kipande cha duka kifike polisi kabla ya Ijumaa hii, na khatibu aseme juu ya mimbari, bila ya kutaja jina, kwamba mwizi wa betri hajajulikana.

Wa Allaahu A'lam.