Simba Dume Awindwe Akiwa na Umri Gani?

Malangali ni kata ya mjini Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, baridi inakuacha njiani na Bonde la Rukwa linafunguka mbele yako, karibu kilometa nzima chini ya ulikotoka. Ng'ambo ya Ziwa Rukwa, hadi kupakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yapo Mapori ya Akiba ya Rukwa na Lukwati; kwa upande wa Nkasi lipo la Lwafi. Katika mapori haya uwindaji wa kitalii unaruhusiwa, na simba dume ni miongoni mwa nyara ghali kuliko zote.

Mabishano mengi huishia kwenye swali la kama auawe au asiuawe. Mtaalamu wa wanyamapori ana swali la pili: akishaanguka huyu, nani mwingine atakufa?

Kundi la simba ni mali ya majike: bibi, mama, mama wadogo na mabinti waliozaliwa humo. Madume ni wapitaji. Mmoja, au ndugu wawili watatu walioungana, hulishika kundi kwa miaka miwili mitatu hivi, kisha hung'olewa na wenye nguvu zaidi. Wageni hao hawalei damu isiyo yao. Huwaua watoto wachanga na kuwatimua waliopevuka kidogo, kwa kuwa jike anayelea hukaa karibu miaka miwili bila kushika mimba nyingine, ilhali aliyefiwa hurudi kwenye joto upesi. Utafiti wa simba wa Serengeti, ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966 na kuendelezwa na wengine, umeonesha kuwa karibu robo ya vifo vya watoto wa simba husababishwa na mauaji haya. Basi mwindaji akimpiga dume kijana aliyetwaa kundi juzi, daftari la mgawo, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa, litaandika simba mmoja tu. Uzao wote wa mwaka ule huenda usiandikwe popote.

Mwaka 2004 watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao waliziingiza takwimu za miaka mingi za Serengeti na Ngorongoro kwenye kompyuta. Jibu lilikuwa wazi: wakiwindwa madume waliofikisha miaka mitano au sita tu, idadi ya simba haiporomoki, kwa sababu dume wa umri huo amekwisha kukuza angalau kizazi kimoja. Kanuni za uwindaji wa kitalii za Tanzania za mwaka 2010 ziliweka kiwango cha miaka sita.

Kumsoma simba umri wake ni kazi ya jicho lenye subira. Pua ya kijana ni ya waridi. Madoa meusi huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka yanazidi nusu yake. Meno huwa ya manjano na kulika, uso hujaa makovu. Manyoya ya shingo hudanganya, hasa bondeni, kwani kwenye joto kali huwa mafupi hata kwa dume mzima. Na pua nayo haibadiliki kwa kasi moja kila mahali, kwa hiyo dalili moja haitoshi. Lakini simba huwindwa kwa chambo cha nyama kilichotundikwa mtini, na safari yake kisheria imekuwa ya siku 21. Muda wa kumtazama vizuri upo. Kinachohitajika ni mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori wenye uthubutu wa kumwambia mteja aliyelipa fedha nyingi: huyu bado.

Gharama ya kutosubiri imepimwa. Packer na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba simba waliowindwa Tanzania walipungua kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na anguko lilikuwa kali zaidi kwenye vitalu vya uwindaji vilivyovuna kwa wingi hapo mwanzo. Walishauri, nje ya Pori la Akiba la Selous, mgawo usizidi simba mmoja kwa kila kilometa za mraba 2,000.

Huko Katavi, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta mawindo tele na simba wachache kuliko ilivyotarajiwa. Watafiti walishuku uwindaji wa pembezoni mwa hifadhi, pamoja na mikuki ya vijiji. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni walikuwa na desturi ya kumtuza muuaji wa simba: alicheza ngoma akizunguka kwa jamaa na kupewa ng'ombe. Desturi ilizaliwa katika kulinda zizi, kisha wengine wakaanza kumfuata simba porini kwa ajili ya zawadi. Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, iliona mbali ilipowaendea viongozi wa jadi wenyewe ili waondoe heshima hiyo kwa anayeua simba asiyevamia mifugo.

Kwa maoni yangu, hesabu hizi mbili, ya simba wa wawindaji wa kitalii na ya wale wanaouawa vijijini, zisomwe pamoja. Kila dume anayeuawa kijijini apunguzwe kwenye mgawo wa kitalu jirani kwa msimu unaofuata. Kwani awe ameuawa na nani, nafasi anayoiacha huvuta dume mwingine kutoka ndani ya hifadhi. Huko Hwange, Zimbabwe, asilimia 72 ya madume wazima waliowekewa alama na watafiti ndani ya hifadhi waliishia kupigwa na wawindaji nje ya mipaka yake.