Mkia unaozuia protini kutoroka

Je, msomaji, wajua kwamba ndani ya seli zako mna karakana ya protini? Huitwa retikulamu ya endoplazimu. Protini nyingi zinazoundwa humo husafirishwa nje, lakini mafundi wake, ambao pia ni protini, sharti wabaki.

Mwaka wa 1987 Sean Munro na Hugh Pelham, wa Cambridge, Uingereza, waligundua siri yao: mkia wa asidi-amino nne, KDEL kwa kifupi. Walipoukata, fundi alitoroka. Mwenye mkia akiponyoka, hunaswa njiani, katika Golgi, akarudishwa.

Ajabu ni kwamba sumu ya kipindupindu nayo ina KDEL! Hupokelewa karakanani kama mwenyeji, kisha huponyoka na kuzifanya seli za utumbo zimwage maji. Ndiposa mgonjwa huendesha mfululizo.