Barabara iliyoutii mlima

Kila yanapozuka mabishano kuhusu barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayonuiwa kupita katika Mbuga ya Taifa ya Aberdare, watu hugawanyika pande mbili: wa lami na wa miti. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza njia hiyo ingefuata ubavu gani wa mlima, wala nani aketi na mhandisi anapoichora.

Maswali hayo ndiyo yaliyoamua sura ya barabara ya Going-to-the-Sun, yenye urefu wa kilomita 80 hivi, katika Mbuga ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani. Kazi ilianza mwaka wa 1921. Mhandisi George Goodwin alitaka njia ipande bonde la Logan Creek kwa kona kali 15. Msanifu wa mandhari, Thomas Vint, akapinga: bonde lingebaki na makovu kana kwamba wachimba madini wamelipitia. Yeye alipendekeza njia ndefu, iliyochongwa katika genge la Garden Wall, yenye kona kubwa moja tu. Stephen Mather, mkurugenzi wa mbuga za taifa, aliyakubali maoni ya Vint, ijapokuwa yalikuwa ghali zaidi.

Gharama haikuwa ya fedha pekee. Frank Kittredge alipoongoza upimaji kuanzia Septemba 1924, vibarua walipanda yapata mita 700 kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, kisha wakaning'inia kwa kamba juu ya magenge. Wengi walitoroka, wakaandikwa wengine, nao wakatoroka. Katika ujenzi, wakandarasi walizuiwa kulipua baruti nyingi kwa mara moja, na kuta zikajengwa kwa mawe ya mlima uleule. Kwenye handaki la upande wa mashariki mitambo haikuweza kufika; mawe yalitolewa kwa mikono. Wafanyakazi watatu walipoteza maisha.

Hata hivyo, sifa za Vint zisitupofushe. Ardhi ya mashariki ya mbuga ilikuwa ya Wablackfeet, walioiuzia serikali kwa mkataba wa 1895. Mkataba huo uliwaachia haki ya kuwinda na kukata miti humo. Mbuga ilipoanzishwa mwaka wa 1910, serikali ilishikilia kuwa haki hizo zimekoma, dai ambalo wenyewe hawakulikubali. Goodwin na Vint walishindana juu ya kona na makovu. Mzozo huo wa ardhi haukuwa sehemu ya mashindano yao.

Barabara ilizinduliwa tarehe 15 Julai 1933 huko Logan Pass, mita 2,025 juu ya usawa wa bahari, mbele ya maelfu ya watu. Wablackfeet nao walialikwa, wakavuta kiko cha amani pamoja na majirani zao wa magharibi.