Dizeli inapopanda bei: msafirishaji wa mipakani ashike lipi?

Mwenye lori anapokubaliana na mfanyabiashara juu ya nauli ya mzigo, bei ya dizeli ya siku hiyo ndiyo inayoingia katika hesabu. Lori likiwa bado barabarani, bei ya mafuta inaweza kupanda, lakini nauli inabaki ile ile. Tofauti hiyo hulipwa na mwenye lori kutoka katika faida yake, na safari mbili tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya ashindwe kununua matairi au kulipa marejesho ya benki.

Hali hii imejirudia mara kadhaa. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, pipa lilivuka dola 120, na Tanzania ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Oktoba 2023 bei kikomo ya dizeli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,448 kwa lita, na Nairobi ilikuwa shilingi 205.47 za Kenya.

Kila bei inapopanda, wasafirishaji huuliza swali moja: je, hakuna mafuta mengine? Jibu ni kwamba yapo, ila yanategemea njia ambayo gari linapita. Gesi inayomfaa mwenye lori la kuzunguka Dar es Salaam inaweza kumkwamisha anayekwenda Kigali.

Kwa nini bei hupanda kwa pamoja

Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote huagiza dizeli iliyokwisha kusafishwa kutoka nje. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo bei ya soko la dunia huingia moja kwa moja, na kwa kuwa malipo ni kwa dola, shilingi ikishuka thamani dizeli hupanda hata kama pipa halijapanda.

Kodi nazo zina sehemu yake. Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Utaratibu wa kutangaza bei hutofautiana kati ya nchi na nchi, na hapo msafirishaji anaweza kupata nafuu kidogo. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14, na bei huanza kutumika tarehe 15. Rwanda bei hupangwa na RURA, wakati Uganda haina bei kikomo na kila kituo huuza kwa bei yake. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa, kwa hiyo si busara kupanga safari kwa kutegemea kujaza tenki huko.

Aidha, bei kikomo ya Tanzania huongezeka kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari, kwa sababu gharama ya kusafirisha mafuta yenyewe imo ndani yake. Lita ya Dar es Salaam ni rahisi kuliko ya Ngara. Dereva anayeondoka Dar es Salaam na tenki nusu kwa matumaini ya kujaza mbele hulipa zaidi kwa mafuta yale yale.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano wa semi-trela moja inayotoka Dar es Salaam hadi Rusumo na kurudi. Tuseme inatumia lita 1,000 kwa safari nzima, na nauli iliyokubaliwa ni shilingi 7,500,000. Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, mafuta yanachukua shilingi 3,000,000, yaani asilimia 40 ya nauli.

Bei ikipanda hadi 3,300, safari hiyo itaongezeka gharama kwa shilingi 300,000. Kama mwenye lori alitarajia kubaki na 800,000 baada ya posho ya dereva, tozo, matairi na matengenezo, sasa atabaki na 500,000.

Dawa ya kwanza ni kuandika katika mkataba kipengele cha mafuta. Pande mbili hukubaliana bei ya msingi, kwa mfano 3,000 kwa kufuata tangazo la EWURA la mwezi huo, na sehemu ya mafuta katika nauli, kwa mfano asilimia 40. Dizeli ikipanda kwa asilimia 10, nauli itapanda kwa asilimia 4. Katika mfano huu ni shilingi 300,000, sawa na hasara yenyewe. Kipengele hicho hufanya kazi pande zote mbili: dizeli ikishuka, nauli nayo hushuka, na ndiyo maana mwenye mzigo anaweza kukikubali. Msafirishaji mwenye lori moja au mawili mara nyingi husafirisha kwa mapatano ya mdomo, na ndiye anayeumia zaidi.

Kupunguza lita kabla ya kubadili mafuta

Dawa ya pili ni kutumia lita chache kwa kazi ile ile. Injini kubwa ya lori ikiachwa inaunguruma bila gari kutembea hula karibu lita 3 kwa saa. Saa 10 za namna hiyo kwenye foleni ya mizani, bandarini na mpakani ni lita 30. Kwa bei ya 3,300 hiyo ni shilingi 99,000 zilizoungua bila gari kusogea.

Vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kama Rusumo, Busia, Namanga na Tunduma, vilijengwa ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Faida yake hupotea kama nyaraka hazijakamilika. Kwa hiyo wakala wa forodha anayetuma taarifa za mzigo mapema naye anaokoa dizeli.

Mengine ni ya kila siku. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari nyuma. Chujio la hewa lililojaa vumbi huibana injini. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa hula mafuta kidogo kuliko mwendo wa 100, kwa sababu upepo unaosukumwa na lori huongezeka haraka sana mwendo unapoongezeka. Lori la mfano wetu likipunguza matumizi kwa asilimia 5 tu, litaokoa lita 50, yaani shilingi 165,000 kwa safari. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya mkato isiyofaa ni mafuta ya taa. Uchakachuaji wa dizeli ulienea mno Tanzania hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha. Pampu na nozeli husagika, na gharama ya kuzibadili hula akiba yote iliyopatikana.

Gesi asilia: rahisi, lakini vituo viko wapi?

Kati ya mafuta mbadala yote, gesi asilia ndiyo inayovutia zaidi Tanzania, kwa sababu inatoka nchini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Bomba la pili kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Gesi ya magari hushindiliwa kwenye mitungi kwa mgandamizo mkubwa, na vituoni huandikwa CNG.

Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya zaidi kidogo ya lita moja ya dizeli. Mwaka 2023 kilo hiyo iliuzwa Dar es Salaam kwa karibu shilingi 1,550, wakati dizeli ilivuka 3,000. Ndiyo maana teksi na bajaji nyingi za jiji zilihamia huko, na baadhi ya malori yakafuata.

Hata hivyo, injini ya dizeli si sawa na ya petroli. Haina plagi, mafuta huwaka yenyewe kutokana na joto la hewa iliyobanwa. Gesi haiwaki kwa urahisi namna hiyo. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya: dizeli kidogo huwasha moto na gesi hufanya sehemu kubwa ya kazi. Gesi ikiisha, lori huendelea na dizeli peke yake. Njia ya pili ni kugeuza injini yote iwe ya gesi na kuiwekea plagi. Hapo gesi ikiisha, gari limesimama.

Tatizo jingine ni nafasi na uzito. Mitungi 8 ya lita 100 kila mmoja hubeba karibu kilo 130 za gesi, sawa na kiasi cha lita 145 za dizeli. Lori lenye mzigo linalokwenda kilomita 2 kwa lita litafika kilomita 290 hivi. Hiyo inatosha kufika Morogoro, lakini haitoshi kufika Dodoma. Mitungi hiyo ikiwa ya chuma ina uzito wa karibu kilo 800, na kwenye mizani kilo hizo huhesabiwa pamoja na mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, kwa hiyo anayebeba hadi kikomo atapunguza mzigo wa kulipiwa.

Vituo vya gesi vimejengwa zaidi Dar es Salaam, Pwani na Mtwara. Kwa lori linalotoa makontena bandarini kwenda kwenye yadi za jiji au bandari kavu ya Kwala, gesi ni hesabu nzuri: njia ni fupi, na gari hurudi kila siku mahali kilipo kituo. Kwa lori la Kigali, Lubumbashi au Kampala, mfumo wa kuchanganya unaweza kusaidia kilomita za mwanzo tu, na zilizobaki ni dizeli kama kawaida.

Mibono, mawese na umeme

Katika miaka ya 2000 mibono ilisifiwa kote Afrika Mashariki kuwa ingetoa dizeli shambani. Wakulima waliambiwa inaota hata kwenye ardhi kavu. Ni kweli inaota, lakini bila maji na rutuba inazaa kidogo, na mashamba mengi makubwa yaliachwa miaka iliyofuata.

Mafuta ya mimea yaliyosindikwa kiwandani kuwa dizeli yanaweza kuchanganywa na dizeli ya kawaida kwa kiasi kidogo bila kudhuru injini. Lakini mafuta ghafi ya kupikia si kitu hicho hicho. Ni mazito, huacha masizi kwenye nozeli, na mawese huganda asubuhi ya baridi. Isitoshe, mafuta ya kula yenyewe huagizwa kutoka nje kwa wingi, na mara nyingi bei yake haina nafuu. Spiriti ya miwa nayo ni mbadala wa petroli, si wa dizeli.

Umeme umeanza kuonekana kwa mabasi ya mjini: Nairobi tangu 2022 na Kigali tangu 2023. Hapa tena njia ndiyo inayoamua, maana basi hurudi kituoni kila jioni na kuchajiwa. Lori zito la kuvuka mipaka halina mahali pa kuchajiwa katika njia yake. Kwa mwenye mzigo, umeme unaokaribia zaidi ni wa reli. Treni ya SGR ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na mizigo mwaka 2025. Kontena likifika Dodoma kwa reli, lori linabaki na safari fupi zaidi hadi mpakani.

Maswali ya kujibu kabla ya kutoa fedha

Msafirishaji anayefikiria kubadili mafuta anashauriwa kuandika mambo manne kwenye karatasi: kilomita ambazo gari hutembea kwa mwezi ndani ya eneo lenye kituo, tofauti ya gharama kwa kila kilomita, si kwa kila lita, uzito wa mzigo utakaopotea, na jina la gereji inayoweza kutengeneza mfumo huo ukiharibika. Gharama ya kufunga mfumo ikigawanywa kwa akiba ya mwezi, itaonyesha ni miezi mingapi hadi fedha zirudi. Ikizidi muda ambao lori limebakiza kufanya kazi, basi haifai.

Kwa mwenye malori mengi, jibu linaweza kuwa kugawa kazi: magari ya jijini kwenye gesi, ya masafa marefu yakibaki kwenye dizeli. Mwenye lori moja la masafa marefu hana nafasi hiyo. Kwake yeye, kipengele cha mafuta katika mkataba, tenki lililojazwa karibu na bandari na injini iliyozimwa kwenye foleni vinaweza kuanza na safari ijayo, bila kufunga mtungi hata mmoja.